Gobore la Gumegume: Lilishindiliwaje, na kwa Nini Tusiliguse



Somo letu la leo ni juu ya bunduki ya zamani iitwayo gobore. Wapo wazee waliorithi gobore kwa baba zao, wakaliweka darini au nyuma ya kihenge. Wengi wetu tunaliona ni chuma chakavu tu. Tukijua lilivyokuwa linafanya kazi, tutajua pia kwa nini tusilichezee.

LILITOKA WAPI?

Katika karne ya 19 bunduki nyingi ziliteremshwa Zanzibar kutoka Ulaya na Marekani. Zilivushwa mpaka pwani, zikapanda bara pamoja na misafara ya pembe za ndovu na watumwa. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza kule Zanzibar alikadiria kuwa bunduki 80,000 hadi 100,000 zilikuwa zinaingia Afrika Mashariki kila mwaka. Nyingi zilikuwa kuukuu. Majeshi ya Ulaya yalikwisha kuziacha.

Tarehe 2 Julai 1890 mataifa makubwa yalitia sahihi mkataba mjini Brussels, Ubelgiji. Mkataba ule ulikuwa wa kukomesha biashara ya watumwa. Lakini ndani yake mlikuwa na sharti la silaha: bunduki mpya zisiuzwe kwa watu wa sehemu kubwa ya Afrika. Iliyoweza kuruhusiwa ni bunduki ya gumegume na baruti ya kawaida. Wakati huohuo Wajerumani walikuwa wanaingia nchini kwetu na bunduki mpya. Hapo wewe mwenyewe pima.

GUMEGUME NI NINI?

Gumegume ni jiwe gumu linalotoa cheche likigongwa kwenye chuma. Bunduki yenye jiwe hilo huitwa gumegume. Baadaye yalikuja magobore ya fataki. Fataki ni kikofia kidogo cha shaba chenye dawa inayowaka ikigongwa. Zilikuwapo pia bastola za gumegume. Bastola ni fupi, lakini hushindiliwa vilevile.

WAZEE WALILISHINDILIAJE?

Kazi ilikwenda kwa hatua sita.

1. Alivuta nusu taya la chuma linaloshika jiwe, ili bunduki isilie kabla ya wakati.

2. Alisimamisha mtutu, mdomo juu. Akamimina kipimo cha baruti kutoka kwenye pembe.

3. Alitia risasi ya duara pamoja na kitambaa au nyuzi za magome. Akashindilia kwa mdeki mpaka chini kabisa. Mdeki ni ule ufito mrefu unaokaa chini ya mtutu.

4. Alitoa mdeki na kuurudisha mahali pake. Aliyesahau, mdeki wake uliruka pamoja na risasi. Basi hana tena cha kushindilia!

5. Alitia baruti kidogo kwenye kisahani kilicho ubavuni, akafunika kifuniko chake cha chuma.

6. Alivuta taya mpaka mwisho, akalenga, akafyatua.

Jiwe liligonga kifuniko, kikafunguka, cheche zikaangukia kisahani. Moto ulipita katika kitundu chembamba ukaingia ndani ya mtutu. Ndipo bunduki ikalia.

Mara nyingine baruti ya kisahani iliwaka, lakini ya ndani isiwake. Hapo ndipo palipokuwa na hatari. Moto ungeweza kuchelewa kitunduni, kisha bunduki ikalia ghafla mtu akiwa anachungulia mdomo wake. Na baruti ikilowa haiwaki. Sisi watu wa Njombe tunaujua ukungu wetu na manyunyu yake. Hali ya namna hiyo si rafiki wa gumegume.

KUCHELEWA KULIGHARIMU NINI?

Mtu aliyezoea sana aliweza kupiga mara mbili au tatu kwa dakika moja. Vitani dakika ni kitu kikubwa. Tarehe 17 Agosti 1891, pale Lugalo, Uhehe, jeshi la Mkwawa liliwavamia Wajerumani na askari wao kwa mikuki. Bunduki zao zilikuwa mpya, lakini wengi hawakupata nafasi ya kupiga zaidi ya mara moja au mbili. Mkuu wao, Emil von Zelewski, aliuawa. Wahehe walishinda kwa sababu waliwakaribia adui kabla hajajiandaa.

Katika Vita vya Maji Maji mambo yalikuwa mengine. Mwezi Septemba 1905 Wabena wa Mtwa Mbeyela walishambulia misheni ya Yakobi, hapa Njombe. Waliokuwa ndani walikuwa tayari na bunduki zao. Washambuliaji wakarudishwa nyuma. Katika vita vile wazee wetu walikuwa na mikuki, mishale na magobore, na mioyoni walikuwa na imani kwamba dawa ya maji itazuia risasi. Mbele yao zilikuwapo bunduki mpya na bombomu. Ushujaa haukupungua. Kilichopungua ni silaha, na silaha hizo walikuwa wamenyimwa kwa mkataba. Baada ya vita ilifuata njaa, nayo iliua watu wengi kuliko risasi.

HATARI ILIYOBAKI NYUMBANI

Sasa sikiliza vizuri. Gobore hushindiliwa mdomoni, na ukilitazama kwa nje huwezi kujua kama lina baruti au halina. Babu anaweza kuwa alilishindilia kwa ajili ya nguruwe pori, nguruwe wasije, akalitundika, akafariki. Baruti ikikaa pakavu haiozi kama mahindi. Miaka ikipita inaweza bado kuwaka. Mtutu nao umeliwa na kutu, kwa hiyo bunduki ikilia unaweza kupasuka na kumkata vidole aliyeishika, au kumtoa macho.

Kwa hiyo, ukilikuta gobore nyumbani:

1. Usilivute, usilifyatue, usichungulie mdomo wake.
2. Usilitie motoni, wala usilipeleke kwa mfua vyuma.
3. Waondoe watoto mahali hapo.
4. Mweleze mwenyekiti wa kijiji, naye aite polisi. Usilibebe mwenyewe kwenye basi.

Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inataka mwenye silaha awe na kibali. Septemba na Oktoba 2022 Serikali ilitoa muda wa kusalimisha silaha kwa hiari, na iliahidi kutowashtaki wenye kuzisalimisha. Anayetoa taarifa mapema hujilinda yeye na jamaa yake.

Kama unataka kuiona historia ya vita vile, nenda Makumbusho ya Mkwawa, Kalenga, karibu na Iringa, au Makumbusho ya Maji Maji, Songea. Historia tuitunze huko, si juu ya vitanda vya watoto.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Kwa nini mkataba wa 1890 uliruhusu gumegume na kukataza bunduki mpya?
2. Gobore linapiga mara 2 kwa dakika. Bombomu linapiga mara 500. Katika dakika 3, kila moja litapiga mara ngapi?
3. Kijana amelikuta gobore la babu yake darini, anataka kulijaribu. Utamwambia nini?