Binti Yangu Anafundishwa Kufua Soksi, Si Kusoma

Shangazi,

Naishi Mbagala, nina watoto watatu. Wa pili ni binti wa miaka 10, alizaliwa na sindromu ya Down. Mwaka juzi tulimpatia nafasi kwenye kitengo cha wanafunzi wenye ulemavu wa akili katika shule moja ya msingi. Asubuhi napanda naye daladala, namwacha shuleni, nakwenda kwenye biashara yangu ya vitenge, halafu mchana namfuata. Nikimuuliza leo wamesoma nini, ananionyesha kwa mikono: wamefua soksi, wamemenya ndizi, wameimba, wamecheza. Daftari lake lina mistari na miduara tu, na mdogo wake wa darasa la kwanza ameshaanza kusoma. Baba yao anasema kufua angejifunza hata nyumbani, tena bila nauli. Mama mkwe anataka abaki naye, maana siku si nyingi atavunja ungo na njiani kuna watu wabaya. Moyo wangu unakataa, ila sina la kuwajibu. Je, nampotezea mwanangu muda?

Mama wa Watatu, Mbagala

Hapana, mwanangu, humpotezei muda. Ila hilo la daftari una haki ya kuliuliza, na nitalifikia.

Tuanze na soksi. Mtoto anayefua soksi anateka maji asiyamwage, anasubiri zamu ya sabuni, anasugua, anasuuza, anakamua, anatafuta ya pili inayofanana nayo, ndipo anaanika. Wewe unafanya yote hayo huku unapiga soga. Kwake kila hatua ni somo. Watoto wenye sindromu ya Down huwa na misuli iliyolegea, na vidole vyao mara nyingi ni vifupi, kwa hiyo penseli huwachosha upesi. Kukamua nguo, kumenya ndizi na kufinyanga udongo huipa nguvu misuli ileile itakayoshika penseli. Na kutafuta soksi mbili zinazofanana ni mwanzo wa hesabu, kwa sababu asiyejua kutofautisha hiki na kile hawezi kuvihesabu.

Mwalimu aliyesomea elimu maalumu, kama wale wanaotoka Chuo cha Ualimu Patandi kule Arusha, huikata kazi vipandevipande, na mara nyingi huanza kufundisha kutoka mwisho. Siku za mwanzo mwalimu anafanya karibu yote, mtoto anaachiwa kuanika tu. Akishaweza kuanika, anaongezewa kukamua, kisha kusuuza, mpaka anafika kwenye maji. Hivyo kila siku mtoto ndiye anayeimaliza kazi kwa mkono wake mwenyewe, na anaona imekwisha. Anayeanzishwa mwanzoni hukwama hatua ya pili, akajifunza kwamba yeye ni wa kukwama.

Sasa mwambie baba yao hivi: nyumbani tuna haraka na tuna huruma. Saa kumi na mbili asubuhi, daladala inasubiriwa na mtoto anahangaika na zipu ya sketi, mama gani atasimama kungoja? Tunamvalisha, tunatoka. Shuleni ndiko anakongojwa. Lakini usiiachie shule peke yake. Muulize mwalimu binti yuko hatua gani katika kuvaa, nawe Jumamosi, siku isiyo na haraka, mwachie hatua hiyohiyo kwa maneno yaleyale anayotumia mwalimu. Shule ikisema “vuta juu” na nyumbani mkasema “funga zipu”, kwake hizo ni amri mbili tofauti.

Liko na jingine ambalo nyumbani halipo hata ungekuwa na muda wote, nalo ni wenzake. Fikiria kugawa vikombe vya uji. Kila mtoto kikombe kimoja, na kikibaki kimoja mezani basi kuna ambaye hakuja leo. Ni nani? Hapo binti yako amehesabu, amekumbuka sura, na amemjali mwenziwe. Anakaa na mtoto mwenye usonji anayeziba masikio kengele ikilia, na mwingine mwenye kiti cha magurudumu anayehitaji kusukumwa mpaka mstarini. Anajifunza kusaidia, wakati nyumbani siku zote yeye ndiye anayesaidiwa. Na mapumzikoni, kama kitengo kiko ndani ya shule ya kawaida, wapo wasichana wa madarasa mengine wanaocheza rede. Kuukwepa mpira, kujaza mchanga kwenye chupa, kukubali kutoka ukipigwa: mimi siuiti huo mchezo tu. Muulize mwalimu kama wanaachiwa kucheza pamoja. Kama kitengo kimetengwa hata wakati wa mapumziko, waambie hilo hulipendi, na uwaambie kwa upole usioyumba.

Nije kwenye daftari. Hapa nipo upande wako kabisa. Binti yako anastahili kufundishwa kusoma, na kuwa kitengoni si sababu ya kunyimwa herufi. Wapo watoto wengi wenye hali yake wanaojifunza kusoma, ila njia yao inaweza kuwa nyingine. Wengi wao hushika zaidi kinachoonekana kuliko kinachosikika, na darasani kwetu kusoma huanza na kuimba silabi kwa pamoja, ba be bi bo bu, sauti inapita na haiachi kitu cha kutazama. Mwombe mwalimu ajaribu kadi zenye neno zima na picha yake: jina la binti, mama, baba, uji, maji. Kadi hizohizo zibandike nyumbani kwenye vitu vyenyewe. Silabi zitafuata akishayazoea maneno. Hesabu naye kwa sarafu halisi, ya 100 na ya 200, na muuza maandazi wa jirani awe mwalimu wenu wa jioni.

Kabla ya yote hayo, apimwe masikio. Watoto wenye sindromu ya Down hupata mara kwa mara maji nyuma ya ngoma ya sikio, na mtoto asiyesikia vizuri huonekana mzito wa kuelewa kuliko alivyo. Macho nayo yapimwe. Na kwa kuwa karibu nusu ya watoto hawa huzaliwa na kasoro ya moyo, kama hajawahi kupimwa moyo, mwambie daktari siku hiyohiyo. Hayo maelezo yake ya mikono usimkataze hata kidogo. Ishara hazizuii maneno kuja, zinayasaidia, na wakati tunayangoja zinampunguzia hasira ya kutoeleweka. Akikuonyesha kufua, nawe fanya ishara hiyo huku ukitamka: kufua.

Kisha nenda ukakae na mwalimu. Usiende kwa shari, maana walimu hawa wengi wanabeba mzigo mkubwa kwa vifaa haba. Mwombe akuonyeshe mpango wa mwanao peke yake: muhula huu analenga nini katika kujihudumia, katika mawasiliano, katika kusoma na kuhesabu, na atajuaje kwamba amefika. Jibu zuri linakuwa na vitu unavyoweza kuviona kwa macho: “Tunataka avae viatu bila kusaidiwa, atambue jina lake kati ya kadi tano.” Jibu la “anaendelea vizuri” halitoshi, mwombe tena.

Na muulize swali moja zaidi, ni soksi za nani? Akifua zake, hilo ni somo. Zikiwa nguo za walimu, hiyo ni kazi anayotumwa, na si halali. Ukikuta hivyo, au ukikuta watoto wamekalishwa ukutani tangu asubuhi hawana la kufanya, au fimbo ndiyo inayofundisha, nenda kwa mwalimu mkuu. Asipokusikiliza, nenda halmashauri kwa afisa elimu anayeshughulikia elimu maalumu. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa mwanao haki ya elimu kama mdogo wake, na shule za msingi za serikali hazitozi ada. Huombi hisani.

Limebaki la mama mkwe, na hofu yake tusiidharau. Wasichana wenye ulemavu wa akili hudhulumiwa kweli. Lakini wanaowadhulumu mara nyingi ni watu wanaowajua, ndani ya nyumba, jirani, njia ya kila siku, na mtoto anayefungiwa ndani bila maneno hana wa kumwambia. Kinachomlinda ni kujua. Ajue majina ya viungo vyake vyote, bila kuficha. Ajue ni nani na nani tu wanaomsaidia kuoga na chooni, na kwamba wengine wote ni hapana. Afanye mazoezi ya kusema hapana kwa sauti kubwa, kuondoka, na kuja kumwambia mama, hata kwa mikono. Msimlazimishe kumkumbatia kila mgeni anayeingia, hata akiwa mjomba, maana mtoto aliyezoeshwa kukubali kila mkono hajui ni upi wa kukataa.

Na hedhi isimkute hajui. Tumieni njia ya soksi. Chukua chupi, dondoshea maji yenye rangi nyekundu kwenye pedi, mwonyeshe kubandua, kuzungushia karatasi, kutupa, kubandika mpya, kunawa mikono. Mwachie hatua ya mwisho kwanza. Mpe mwalimu wa kike pedi za akiba na chupi safi, na muelewane atamfuata nani hedhi ikianza akiwa shuleni.

Hapa mama mkwe ana kazi kubwa kuliko ya kumwangalia. Mwombe awe somo wake. Pwani yetu mwali hufundwa, na mara nyingi msichana mwenye ulemavu hurukwa kana kwamba hatakuwa mwanamke. Bibi anayejua kufunda, mwenye subira ya kurudia jambo moja kila siku, ni msaada mkubwa mno. Anaweza kuanza wiki hii na pedi na chupi.

Baba yao naye mwombe siku moja ampeleke binti yeye, abaki darasani mpaka saa ya uji, akae kimya nyuma atazame. Nauli ya siku hiyo lipa wewe. Nawe ukishapata majibu ya masikio, niandikie, tupange kadi za kuanzia.