SOMO LA MWEZI: SIRI NYUMBANI MWA MPIGA MUZIKI

Wapendwa, someni 2 Samweli 11 na 12. Daudi, mpiga kinubi, alificha neno hata Nathani alipomjia. Angalieni: nabii alimwendea mwenyewe, hakulitangaza sokoni.

Tumfikirie mpiga gitaa wa Kariakoo. Tangu siku za NUTA Jazz, iliyoanzishwa 1964, watu hawa hurudi alfajiri, na wake zao wamezoea kuvumilia. Huyu ana mtoto wa nje, analelewa na bibi yake kwa miaka mingi. Ukoo mzima wajua, ila mke. Akigundua, huumia mara mbili: kwa tendo, na kwa mawifi waliokula naye huku wamenyamaza.

Mume na aseme mwenyewe, kabla ya majirani wa Msimbazi. Mtoto hana kosa. Hata Sheria ya Mtoto ya 2009 yakataza kumbagua. Mke akiomba muda, apewe, padre asimharakishe.

Swali: mawifi nao wamwambie nini?