Dang'a ya ng'ombe si uchafu

Mzee mmoja wa Mariakani alikuja kliniki kupimwa shinikizo la damu, lakini lililomsumbua hasa ni ndama. Ng'ombe wake alikuwa amezaa mara mbili, na mara zote ndama aliharisha akafa kabla ya kutimiza wiki mbili.

"Na yale maziwa ya kwanza, ya manjano?" nikamuuliza.

"Hayo ni machafu, daktari. Nayamwaga."

"Mzee wangu, hiyo ndiyo dawa."

Maziwa hayo ni dang'a. Wapo akina mama ambao huyakamua na kuyamwaga kabla ya kumnyonyesha mtoto, na hilo ni kosa. Hata hivyo, mtoto wa binadamu huzaliwa na kinga kiasi aliyoipata kupitia kondo la nyuma. Ndama huzaliwa mikono mitupu. Kinga yake hutoka katika dang'a, na utumbo wake huweza kuifyonza kwa takriban siku moja tu. Ndama wa kilo 25 apate lita 2 hadi 3 katika saa 6 za kwanza. Asipoweza kunyonya, anyweshwe kwa chupa safi.

Dang'a nzuri hutayarishwa kabla ya kuzaa. Ng'ombe hubeba mimba kama miezi tisa, na ndama hukua zaidi katika miezi mitatu ya mwisho. Kwa hiyo akaushwe miezi miwili kabla ya kuzaa na alishwe vizuri. Wafugaji wengi hukosea hapa: ng'ombe asiyekamuliwa huonekana hana faida, akaachiwa mabua ya mahindi. Wiki mbili za mwisho azoeshwe pumba kidogo kidogo. Akipewa nyingi kwa ghafla, tumbo hujaa asidi na huenda akafa.

Akishazaa, mahitaji hupanda. Karibu asilimia 87 ya maziwa ni maji, na katika nchi kavu kama Mariakani ndoo tupu hupunguza maziwa upesi kuliko hori tupu. Kituo cha utafiti wa kilimo cha Mtwapa kilifanya majaribio miaka ya 1990 ya kulisha ng'ombe nepia pamoja na majani ya lukina. Lukina ina protini nyingi, ila isizidi theluthi moja ya chakula, kwa sababu ina sumu kidogo.

Ndama naye aonjeshwe nyasi laini kuanzia wiki ya pili ili tumbo lake lijifunze kazi. Akila vizuri, aweza kuachishwa maziwa akiwa na miezi mitatu. Mtamba apandishwe kwa kuangalia uzito, si umri pekee.

Dang'a ikibaki, igandishe kwenye friza kwa ajili ya ndama mwingine. Ukiitoa, iyeyushe kwa maji ya vuguvugu. Usiichemshe, kwani kinga itaharibika. Maziwa ya watoto wako ndiyo ya kuchemsha.