KIJANA NA VOLANI: ANAYETOA FUNGULA NAYE ATAULIZWA

Somo kwa wazazi na vijana
Maandiko ya kusoma nyumbani: Kutoka 21:28-30, Kumbukumbu la Torati 22:8, Hesabu 35:9-32



Katika mji wetu wa Goma, kutoka Birere mpaka Ndosho, na kutoka Majengo mpaka njia ya Sake, tunaona kila siku vijana wa miaka 15 au 16 wakiendesha piki-piki, wengine hata motokari, bila permi. Watu wengi wanahesabu jambo hili kuwa kosa dogo la barabarani, kosa linalokwisha kwa faranga chache mkononi mwa polisi wa rulaji. Katika somo hili tunataka kuonyesha kwamba halikwishi hivyo. Kosa la kijana mmoja linaweza kuwa deni la nyumba nzima, na yule aliyetoa fungula naye ana sehemu yake.

1. Permi ni nini?

Wengine wanasema permi ni karatasi ya kununua. Hapana. Permi ni ushuhuda. Watu wengine wamekujaribu, wameona unajua alama za njia, unajua nani apite kwanza kwenye rond-point, unajua kusimama, na sasa wanashuhudia mbele ya wote kwamba unaweza kupita katikati ya watu bila kuwaua. Ndiyo sababu sheria ya barabara ya nchi yetu, namba 78-022 ya tarehe 30 Agosti 1978, inamtaka kila mwenye kuendesha awe na ushuhuda huo.

Kijana atajibu: "Lakini mimi ninajua kuendesha!" Kweli, watoto wa Goma wanazoea magurudumu mapema. Wengi wamesukuma chukudu tangu utoto, na chukudu imejengewa hata sanamu kwenye rond-point ya mji. Lakini kujua kusimama juu ya magurudumu mawili si kujua barabara. Tuhesabu pamoja. Piki-piki inayokwenda mbio ya kilometa 40 kwa saa inapita karibu meta 11 kila sekunde. Mtoto akiruka mbele yako, sekunde moja inapita kabla mkono haujashika breki. Umekwisha kupita meta 11, na piki-piki haijaanza hata kupunguza mbio. Ongeza changarawe ya volkano chini ya gurudumu, ongeza mvua na giza. Permi haiondoi hatari hiyo, lakini mafundisho yake yanamzoeza mtu kuiogopa kabla haijafika.

Shirika la Afya la Ulimwengu lilitangaza mwaka 2023 kwamba ajali za barabarani zinaua karibu watu milioni 1 na elfu 190 kila mwaka, na kwamba ndizo zinazoua zaidi watoto na vijana wa miaka 5 mpaka 29. Kwa hiyo hatuzungumzi juu ya karatasi tu. Tunazungumza juu ya damu.

2. Ng'ombe mwenye kupiga pembe

Torati inaeleza juu ya ng'ombe aliyempiga mtu pembe akafa. Kama ng'ombe hakuwa na desturi hiyo, mwenye ng'ombe hana hatia. Lakini kama watu walikuwa wamekwisha kumwonya mwenyewe, naye hakumfunga, basi hatia inapanda juu yake. Vilevile mwenye kujenga nyumba aliagizwa kuweka ukuta mdogo kandokando ya dari, ili mtu asianguke na damu yake isiwe juu ya nyumba ile.

Tutazame sasa nyumba zetu. Baba anajua kijana wake hana permi. Mama anajua. Jirani amekwisha kusema. Hata hivyo fungula inalala mezani, na asubuhi kijana anaichukua, jioni analeta hesabu ya siku, na hakuna anayeuliza. Huyo ni ng'ombe asiyefungwa, na hiyo ni dari isiyo na ukuta.

Sheria ya nchi inafuata njia hiyohiyo. Kitabu cha sheria za raia, tangu amri ya 1888, kinasema mzazi anajibu kwa hasara iliyoletwa na mtoto anayekaa naye nyumbani. Tena sheria ya ulinzi wa mtoto, namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009, inasema mtoto asiyetimiza miaka 14 hawezi kuhesabiwa hatia ya jinai. Mzazi asifurahi upesi kwa kusikia hivyo: hasara ya aliyeumizwa inabaki, na wazazi ndio wanaoilipa.

3. Siku ya ajali

Tuweke mfano. Kijana wa miaka 16 anaendesha piki-piki ya baba yake mdogo. Karibu na soko la Virunga anamgonga mama mwenye beseni la nyanya kichwani. Mguu wa mama umevunjika. Mfupa wa mguu wa mtu mzima unaweza kuomba miezi 3 au zaidi kabla ya kubeba mzigo tena. Miezi hiyo nani atauza nyanya? Nani atalipa hospitali? Watoto wake watakula nini?

Baba mdogo anakimbilia asuransi, ambayo sheria inailazimisha kwa vyombo vya motori tangu mwaka 1973. Swali la kwanza huko ni hili: nani alikuwa anaendesha, na permi yake iko wapi? Mahali permi haipo, mzigo unaweza kurudi juu ya mwenye chombo. Kumbe piki-piki iliyokuwa inalisha nyumba inauzwa ili kulipa mguu wa mama. Shamba la kijijini nalo linafuata. Dada wa kijana anaacha masomo. Hakuna hata mmoja wao aliyeshika volani siku ile, lakini wote wanalipa.

4. Mji wa makimbilio

Hapa kuna hatari ya pili. Watu wanakusanyika wakiwa na mawe na hasira. Wengine wanataka kuchoma piki-piki, wengine kumpiga kijana mpaka kufa. Wazazi nao, kwa woga, wanataka kumficha kwa mjomba kijijini.

Njia hizo mbili hazifai. Katika Hesabu 35 tunasoma habari za miji ya makimbilio. Aliyeua bila kukusudia alikimbilia huko ili mlipiza kisasi asimwue. Lakini hakwenda huko kujificha. Alisimama mbele ya kusanyiko, maneno yakasikilizwa, akahukumiwa. Makimbilio yalimlinda na kisasi, hayakumwondoa mbele ya hukumu. Rehema na hukumu zilikaa katika mji mmoja.

Sheria ya 2009 imejengwa kwa mfano huo. Kijana wa miaka 14 mpaka kabla ya 18 hapelekwi mbele ya hakimu wa watu wazima, bali mbele ya tribinali ya watoto. Shauri linasikilizwa kwa faragha, na jina lake halitangazwi. Hakimu anaweza kumwonya na kumrudisha kwa wazazi akiwaagiza wamchunge vizuri zaidi, au kumweka mikononi mwa watu wengine wenye kufaa, au katika nyumba ya malezi. Kwa mambo madogo sheria inakubali hata upatanisho kati ya jamaa mbili.

Mwisho wa Januari 2025 mji wetu uliingia mikononi mwa AFC/M23, na kazi ya tribinali za serikali ikavunjika. Kwa hiyo mzazi aulize kwanza, siku ya shauri, ni ofisi gani inayopokea mambo ya watoto. Lakini yako mambo ambayo hayabadiliki hata ofisi zikibadilika:

(a) Aliyeumizwa apelekwe hospitali kwanza, kabla ya maneno yoyote.

(b) Kijana asikimbizwe wala asifichwe. Apelekwe na mzazi mwenyewe mahali salama, mbele ya wakubwa.

(c) Mzazi aende na karatasi ya kuzaliwa ya mtoto. Asipokuwa nayo, ni vigumu kuonyesha kwamba ni mtoto, naye anaweza kulala katika kashoti pamoja na watu wazima. Wazazi, andikisheni watoto wenu wanapozaliwa. Msingoje siku ya taabu.

(d) Kweli isemwe yote. Mtu mzima mwenye permi asijitoe kusema ni yeye aliyekuwa anaendesha. Huo ni uongo juu ya kosa, na kijana anajifunza kuwa wengine watabeba mzigo wake.

(e) Jamaa waende kwa aliyeumizwa, si mara moja tu, na si mikono mitupu.

5. Feza ya barabarani

Sura ileile ya Hesabu inakataza kupokea malipo ili mtu aliyekimbilia mji wa makimbilio arudi kwake kabla ya wakati. Kwa nini? Kwa sababu malipo yale yangeonyesha kwamba damu ina bei, na mwenye feza anaweza kuua.

Basi kila mara kijana anapompa polisi faranga ili apite bila permi, anafundishwa jambo moja: njia ina bei, haina sheria. Jana alilipa akapita. Leo amelipa akapita. Siku akimgonga mtu, atatafuta pia nani wa kulipa, wala hatatafuta nani wa kuomba msamaha. Tena feza aliyoitoa barabarani kwa mwaka mzima ingeweza kumsaidia kulipa mafundisho na permi, miaka yake ikitimia.

6. Neno kwa nyumba zenye njaa

Hatusemi kama watu wasiojua njaa. Tunajua nyumba ambazo piki-piki ndiyo shamba lao, na baba ni mgonjwa au hayupo. Kwa nyumba hizo tunasema: piki-piki na ifanye kazi, lakini mikononi mwa mtu mzima mwenye permi, mgawane hesabu ya siku. Itakuwa kidogo, lakini haitawauzia nyumba. Kijana naye ana kazi zinazomfaa: akae kwa fundi ajifunze kufungua motori, asukume chukudu, amalize shule. Akifika miaka ya sheria, atafute permi kwa mlango wa mbele.

Na kijana aliyekwisha kuanguka, asitupwe. Akubali kosa, alipe sehemu yake kwa jasho lake hata kama ni ndogo, ajifunze, asiguse volani mpaka siku yake. Katika kusanyiko tusimtaje kwa jina kama mfano wa ubaya. Hata sheria imekataza kutangaza jina lake. Tumtembelee, na tumtembelee pia yule mama mwenye mguu uliovunjika. Tukimtembelea mmoja na kumwacha mwingine, kazi yetu ni nusu.

Maswali ya kujibu nyumbani

1. Nyumbani mwetu fungula ya piki-piki au motokari inakaa wapi, na nani anaweza kuichukua bila kuuliza?
2. Kuna tofauti gani kati ya kumlinda kijana na kumficha?
3. Watoto wetu wote wana karatasi za kuzaliwa? Nani bado?
4. Jirani akituonya juu ya kijana wetu, tunamshukuru au tunagombana naye?
5. Kijana, kama ungemwumiza mtu leo, nani nyumbani angelipa, na angeuza nini?

Baba, mama, msijibu peke yenu. Wasomeeni watoto maswali haya, mngoje wajibu wao kwanza.