Shamba na Meza

JUMATANO

Soma 2 Samweli 4:4 na 2 Samweli 9:1-13. Daudi alimpa Mefiboshethi mambo gani mawili? Kwa nini moja pekee lisingetosha?

Mefiboshethi alikuwa na miaka mitano habari za kifo cha baba yake zilipofika. Yaya alikimbia naye, mtoto akaanguka, akalemaa. Alitunzwa katika nyumba ya watu wengine huko Lo-debari. Daudi alipomwita, alikwisha kuwa mtu mzima mwenye mtoto wake mwenyewe. Wengi wangesema wakati wa kumsaidia umepita. Lakini kwa ajili ya agano lake na Yonathani, Daudi alimrudishia mashamba ya Sauli, akamweka Siba na watu wake wayalime. Kisha akamketisha mezani pake daima, kama mmoja wa wana wa mfalme.

Nchini Marekani, watoto walioteswa au kutelekezwa hulelewa na familia nyingine chini ya usimamizi wa serikali. Kwa miaka mingi, malezi hayo kwa kawaida yalikoma kijana alipotimiza miaka 18, na wengi walijikuta hawana pa kulala. Mwaka 1999, sheria iliyoanzisha mpango wenye jina la Seneta John Chafee iliongeza fedha za kuwasaidia vijana hao, zikiwemo za makazi. Baadaye iliongezwa ruzuku ya masomo ya hadi dola 5,000 kwa mwaka, na sheria ya mwaka 2008 ikayapa majimbo nafasi ya kuendelea kuwatunza hadi miaka 21.

Hilo ndilo shamba, nalo ni jema. Lakini mabweni ya vyuo vingi hufungwa wakati wa Krismasi. Mwanafunzi aliyelipiwa karo, lakini asiye na kwao, atakwenda wapi? Serikali inaweza kulipa karo na kodi ya nyumba. Haiwezi kumfanya mtu kuwa mwana mezani. Kazi hiyo ni ya nyumba zetu, sisi ambao Kristo alitukaribisha mezani pake tusipokuwa na cha kumlipa.

Pengine kanisa lenu hupeleka unga na nguo kwenye kituo cha watoto. Je, mnajua waliotoka hapo walipotimiza miaka 18 wanalala wapi leo? Ni nani kati yao mnayeweza kumwalika nyumbani Sabato hii, na Sabato zinazofuata?