Kometi hafifu hurudi lini?

Swali: Naishi Korogwe, nalima Handeni, ambako usiku ni giza totoro. Kometi zisizoonekana kwa macho hugunduliwaje? Na tunajuaje zitarudi lini?

Jibu: Nyingi hugunduliwa kwa picha za anga. Septemba 1936, Cyril Jackson akiwa Johannesburg na Grigory Neujmin akiwa Crimea, kila mmoja kivyake, waligundua doa hafifu lililohama kati ya nyota. Leo linaitwa 58P/Jackson-Neujmin. Mahali pa kometi pakipimwa usiku mbalimbali, angalau mara tatu, njia yake ya kulizunguka Jua hukokotolewa. Kometi hiyo ya Jackson-Neujmin hurudi baada ya miaka 8 hivi. Mvutano wa sayari kubwa ya Mshtarii huweza kuipinda njia hiyo, hivyo vipimo vipya huhitajika kila inaporejea. Litunzeni giza la Handeni. Wenye darubini wanalihitaji.