KUANZA KUKIMBIA UKUBWANI: PUMZI HUWAHI, MIFUPA HUCHELEWA



Somo letu la leo linawahusu hasa akina mama na akina baba waliofikia umri wa miaka 40 na kuendelea, ambao mara ya mwisho kukimbia ilikuwa shuleni. Sasa wangependa kuanza tena, na pengine siku moja wakimbie kilomita 10 bila kusimama. Jambo hilo linawezekana. Lakini lina utaratibu wake, na anayeuruka utaratibu huo huumia mapema na kurudi kwenye kiti chake.

KWA NINI TUZUNGUMZIE MBIO?

Mwaka 1973 nchi yetu iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Watu karibu milioni 2 walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma, kisha wakachimba vyoo na kufyeka vichaka vinavyozunguka nyumba. Kampeni ile ilipambana na magonjwa yanayoletwa na mbu na uchafu. Magonjwa hayo bado yapo, nasi tuendelee kupambana nayo.

Hata hivyo, leo zahanati zetu zinapokea pia wagonjwa wengi wa shinikizo la damu na kisukari. Magonjwa hayo hayaambukizwi na mbu wala maji machafu. Huchangiwa na mambo mengi, na mojawapo ni kukaa mno bila kuutumikisha mwili. Mwenye duka hukaa kutwa. Fundi cherehani hukaa. Dereva wa bodaboda naye hukaa, ingawa anasafiri. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mtu mzima afanye mazoezi ya kiasi, kama kutembea kwa haraka, dakika zisizopungua 150 kwa juma. Akifanya mazoezi mazito zaidi, kama kukimbia, dakika 75 zinatosha.

Mkulima atauliza: “Mimi nashika jembe toka alfajiri, mbio za nini tena?” Ndugu mkulima, swali lako ni la haki. Kulima ni zoezi kamili, na katika msimu wa kilimo huna deni lolote. Ukitaka kukimbia, kimbia kwa kupenda. Lakini kumbuka kuihesabu kazi ya shamba. Miguu haitofautishi uchovu wa jembe na uchovu wa mbio. Siku uliyolima tangu asubuhi hadi jioni, usiongeze mbio juu yake.

KABLA YA KUANZA, PIMA

Shinikizo la damu mara nyingi halina dalili. Mtu anaweza kuishi nalo miaka mingi akijiona mzima. Kwa hiyo, fika kwanza katika zahanati au kituo cha afya ukapimwe. Kupima ni dakika chache tu. Kipimo kikiwa 140 kwa 90 au zaidi, kitarudiwa siku nyingine ili kupata uhakika. Kuwa na presha si lazima kukunyime mazoezi, kwa maana mazoezi ya polepole husaidia kuishusha. Lakini itulizwe kwanza kwa ushauri wa mganga.

Wafuatao wasianze kukimbia kabla ya kuonana na mganga:

1. Aliyewahi kupata maumivu ya kifua au kuzirai wakati wa kazi ngumu.
2. Mwenye ugonjwa wa moyo, kisukari, pumu au ugonjwa wa figo.
3. Anayevuta sigara, au ambaye ndugu yake wa damu alifariki ghafla akiwa bado kijana.
4. Anayekosa pumzi akipanda mlima mdogo ambao wenzake wa rika lake wanaupanda bila shida.

Mwenye kisukari anayetumia sindano au baadhi ya vidonge anaweza kuishiwa sukari akiwa njiani. Dalili zake ni kutetemeka, jasho jingi, njaa ya ghafla na kuchanganyikiwa. Basi aweke mfukoni vijiko viwili vitatu vya sukari vilivyofungwa vizuri, na asikimbie peke yake.

KWA NINI TUNASEMA POLEPOLE?

Hapa ndipo kiini cha somo. Mwili wa mtu anayeanza mazoezi haujengeki wote kwa mwendo mmoja. Moyo na mapafu hujifunza upesi. Baada ya majuma machache tu utaona pumzi haikatiki kama mwanzo. Misuli nayo hufuata. Lakini kano, yaani zile kamba zinazofunga misuli kwenye mifupa, hupata damu kidogo, kwa hiyo hujiimarisha kwa miezi. Mifupa nayo ni vivyo hivyo. Kadiri umri unavyosogea, ndivyo kazi hiyo inavyozidi kuchelewa.

Tufikirie fundi anayekarabati ukuta wa udongo. Hawezi kukandika udongo mpya juu ya ule uliooza. Kwanza huubomoa uliochoka, kisha hukandika. Kati ya kubomoa na kukauka kwa udongo mpya, ukuta ni dhaifu kuliko ulivyokuwa. Mvua kubwa ikinyesha siku hizo, utaanguka. Mfupa unaozoezwa hufanya hivyohivyo. Huondoa sehemu iliyochoka kabla ya kujenga mpya. Ukiulemea katikati ya matengenezo hayo, unaweza kupata ufa.

Tuchukue mfano wa mwalimu mwenye miaka 46. Anaanza vizuri, akikimbia kidogo na kutembea kidogo. Juma la tano anajiona mwepesi, pumzi anayo tele. Anajiambia, “Kumbe bado ni kijana!” Siku hiyo anakwenda mara mbili ya alivyozoea, na kesho yake tena. Juma la saba muundi wa mguu wake unauma mahali pamoja, hata akitembea kwenda darasani. Anakaa miezi miwili bila kukimbia, akisema umri umempita. Si kweli. Umri haukumzuia. Aliisikiliza pumzi yake, akaisahau mifupa yake.

RATIBA YA MAJUMA 12 YA KWANZA

Fanya siku 3 kwa juma, na kila siku ya mazoezi ifuatiwe na siku ya kupumzika. Kila mara anza kwa kutembea dakika 5, na umalize hivyohivyo.

Juma la 1 na la 2: Tembea kwa haraka dakika 30. Usikimbie.
Juma la 3 na la 4: Kimbia dakika 1, tembea dakika 2. Rudia mara 8.
Juma la 5 na la 6: Kimbia dakika 2, tembea dakika 2. Rudia mara 6.
Juma la 7 na la 8: Kimbia dakika 4, tembea dakika 2. Rudia mara 4.
Juma la 9 na la 10: Kimbia dakika 8, tembea dakika 2. Rudia mara 3.
Juma la 11: Kimbia dakika 12, tembea dakika 2, kimbia tena dakika 12.
Juma la 12: Kimbia dakika 25 bila kusimama.

Juma likikushinda, lirudie. Hakuna anayefukuzwa darasani. Asiye na saa wala simu atumie nguzo za umeme au miti ya barabarani. Akimbie nguzo moja, atembee mbili.

Mwendo wako upimwe kwa maongezi. Ukikimbia na mwenzako mkaweza kuzungumza sentensi nzima, mwendo ni sawa. Ukitoa neno moja moja kwa kuhema, punguza. Hata kama mtoto wa darasa la pili anakupita, mwache apite.

KUTOKA KILOMITA 4 HADI 10

Sasa umejenga msingi. Endelea na siku zako 3. Siku 2 zibaki za dakika 25 hadi 30. Siku ya 3 iwe siku ndefu, nayo ndiyo itakayoongezwa. Kuanzia juma la 13, siku ndefu iende hivi: kilomita 4, kisha 5, kisha 6, halafu rudi 4. Halafu 6, 7, 8, na urudi 5. Mwisho 8, 9 na 10. Hayo ni majuma 11.

Usilidharau juma la kurudi nyuma. Hilo ndilo juma ambalo udongo wa ukuta wetu unakauka. Ukijumlisha yote, utafika kilomita 10 baada ya majuma 23, yaani zaidi kidogo ya miezi 5. Mwenye haraka ataona ni mingi. Lakini aliyeumia juma la 7 atachukua mwaka. Mwenda pole hajikwai.

Kama hujui umbali, tumia uwanja wa mpira. Kuuzunguka mara 1 uwanja uliotimia vipimo ni karibu mita 350, hivyo mizunguko 3 ni kama kilomita 1.

Wapo watakaotamani mbio kubwa kama zile za Moshi zilizoanza mwaka 2003, zenye kilomita 5, 21 na 42. Anza na zile za kilomita 5. Kilomita 21 ziache hadi umekimbia mwaka mzima bila kuumia. Mwezi Septemba 2025 sote tulifurahi Alphonce Simbu alipokuwa bingwa wa dunia wa kilomita 42 mjini Tokyo. Lakini tukumbuke kwamba ushindi ule ni matunda ya miaka mingi ya mazoezi.

MAMBO YA KUZINGATIA

Viatu. Raba isiyobana, yenye soli ambayo haijaisha, inatosha. Si lazima iwe ya bei kubwa. Kandambili hazifai.

Njia. Njia ya udongo iliyo sawa ni nzuri. Ukiwa barabarani, kimbia upande wa kulia ili uyaone magari yanayokuja mbele yako. Kukiwa bado giza, vaa nguo nyeupe.

Wakati. Asubuhi mapema au jioni jua likipoa. Jua la saa sita ni hatari.

Chakula na maji. Kula kawaida: ugali, viazi, ndizi, maharage, dagaa na mboga. Kunywa maji unaposikia kiu. Usijilazimishe kunywa maji mengi kupita kiasi, kwani nayo yanaweza kudhuru.

Homa. Ukiwa na homa usikimbie kabisa. Nenda ukapime malaria. Homa ikiisha, ngoja siku kadhaa, kisha anza kwa kutembea.

Aibu. Vijijini mtu mzima akionekana anakimbia, watu huuliza, “Kuna msiba wapi?” Akina mama ndio husemwa zaidi. Dawa yake ni kwenda wawili watatu, na kueleza mnachofanya. Baada ya juma la pili hakuna atakayeuliza. Pengine mtapata wenzenu.

MAUMIVU: LIPI LA KAWAIDA, LIPI LA HATARI?

Misuli ya mapaja na ya nyuma ya miguu kuuma siku 2 au 3 ni kawaida. Lakini maumivu ya mahali pamoja kwenye mfupa, unapopagusa kwa kidole unashtuka, si ya kawaida. Vivyo hivyo maumivu ya kano ya kisigino yasiyopungua, au goti lililovimba. Pumzika, na ukaonane na mganga. Usimeze vidonge vya maumivu ili uweze kukimbia. Vidonge vinanyamazisha maumivu tu, na mguu unaendelea kuharibika.

Simama PAPO HAPO ukiona mojawapo ya haya:

1. Kifua kubana au kuuma, hasa maumivu yakienda mkononi, shingoni au kwenye taya.
2. Kizunguzungu kikali au kuzirai.
3. Moyo kudunda ovyo, au pumzi kukatika isivyo kawaida.

Usiseme “ni gesi tu, itapita.” Usirudi nyumbani kwa miguu. Kaa chini, uite watu, upelekwe mara moja kituo cha afya au hospitali. Katika ugonjwa wa moyo, saa moja ya kungoja inaweza kuugharimu uhai.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini mtu anaweza kuwa na pumzi ya kutosha na bado akaumia mguu?
2. Ni nani kati yetu hajapima shinikizo la damu mwaka huu? Tutakwenda lini?
3. Katika kijiji chetu, ni njia ipi inayofaa kwa akina mama na akina baba kufanyia mazoezi kwa usalama?
4. Msimu wa kulima ukifika, tutapunguza vipi siku za kukimbia?

Ndugu msomaji, usisubiri viatu vipya wala mwaka mpya. Kapime juma hili, na siku inayofuata tembea dakika 30. Hilo ndilo zoezi la kwanza.

MTU NI AFYA.